Uzi: Dakika nane za Judi Dench, na miaka arobaini iliyozitangulia

#1 BintiMakorora

Wakuu, salaam.

Vuteni viti, maana uzi huu ni mrefu. Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye usaili wa tamthilia moja hapa Dar. Nina miaka 39. Naigiza tangu nina 19: nilianza redioni, nikaenda jukwaani, nikaja televisheni. Nikapewa nafasi ya mama mzazi wa kijana ambaye namzidi miaka sita. Nilipouliza kama hakuna nafasi nyingine, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba kwa umri wangu zimebaki za mama na za shangazi. Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta, nikaanza kuwatazama upya wanawake ambao nimewafuatilia miaka yote, yaani waigizaji wa kike wa Uingereza. Kuna kitu nimekiona na nataka tukijadili.

Machi 1999, Los Angeles. Judi Dench, miaka 64, anaitwa jukwaani kuchukua Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya Shakespeare in Love. Kaonekana kwenye filamu nzima kwa takriban dakika nane tu. Mwenyewe alikiri palepale, sanamu ikiwa mkononi, kwamba kwa dakika nane angestahili kipande chake kidogo tu. Watu wakasema mama wa watu kabahatika.

Kitazameni kipande cha mwisho alichocheza. Yeye ni Malkia Elizabeth wa Kwanza, anatoka kwenye ukumbi wa maigizo kuelekea garini. Mbele yake kuna dimbwi la maji machafu. Waungwana waliomzunguka wanatakiwa kuvua majoho na kuyatandaza, wanasitasita, wanatazamana. Yeye hasubiri. Anawaambia wamechelewa, anakanyaga tope na gauni lake zito, anaondoka. Sauti haipazwi wala macho hayatolewi. Kwa hatua tatu nne hizo unamjua mwanamke aliyetawala wanaume maisha yake yote na amechoka kuwangoja. Nimerudia kipande hicho mara sita.

Ujuzi ule haukuja kwa dakika nane. Dench alipanda jukwaani mara ya kwanza kama mwigizaji wa kulipwa mwaka 1957 huko Liverpool, akiwa Ophelia kwenye Hamlet, na kundi la Old Vic. Mwaka 1968 alikuwa Sally Bowles kwenye Cabaret, London. Mwaka 1976 akacheza Lady Macbeth na Ian McKellen kwenye kaukumbi kadogo kule Stratford, watazamaji karibu wawaguse. Mwaka 1981 akawa kwenye tamthilia ya kuchekesha ya televisheni, A Fine Romance, pamoja na mumewe Michael Williams. Kuanzia 1992 akacheza As Time Goes By, habari za wapenzi waliopotezana ujanani kwa sababu ya barua iliyopotea, wakakutana tena uzeeni. Waingereza walikuwa wameshazoea sauti yake sebuleni kabla ulimwengu haujalijua jina lake. Mwaka 1995 ndipo akawa M, bosi wa James Bond.

Mwaka 1997 ikaja Mrs Brown, akimcheza Malkia Victoria. Kazi ile ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya BBC. Wasambazaji wa Marekani wakaiona, wakaipeleka kwenye majumba ya sinema, naye akateuliwa kuwania Oscar kwa mara ya kwanza, miaka 63. Hakuipata. Mwaka uliofuata zikaja zile dakika nane, chini ya mwongozaji yuleyule, John Madden.

Hoja yangu ni hii. Wanawake hawa wanadumu kwa sababu nyumba yao ina milango mitatu: jukwaa, televisheni na sinema. Mmoja ukifungwa, mwingine uko wazi. Makundi makubwa ya jukwaani, Royal Shakespeare Company, lilianzishwa 1961 na National Theatre 1963, yote yakisaidiwa na fedha za umma. BBC inaendeshwa kwa ada inayolipwa na kaya zinazotazama televisheni. Na vingi vya hivyo viko London au jirani yake. Mtu anaweza kurekodi filamu mchana, jioni akapanda jukwaani. Marekani, sinema iko Los Angeles na jukwaa kubwa liko New York, karibu kilomita 4,000 katikati. Kule inabidi uchague.

Nitaendelea. Karibuni.

#2 fundi_mitambo

Dada, tiririka, nimeweka kambi hapa. Mimi ni mtu wa sauti kwenye filamu, waigizaji nawasikia kuliko ninavyowaona. Swali langu: huyo Dench si mmoja tu aliyebahatika? Kila nchi ina bibi mmoja anayeheshimiwa.

#3 BintiMakorora

Mkuu fundi, swali zuri. Nikupeleke kwa Helen Mirren, maana kwake ndiko hoja inapoonekana waziwazi.

Baba yake alizaliwa Urusi, akaendesha teksi London. Binti akaingia Royal Shakespeare Company akiwa na miaka ishirini na ushee, akasifiwa, akacheza filamu kadhaa ambazo waandishi wa magazeti walizungumzia mwili wake kuliko kazi yake. Anakaribia 46. Kwa hesabu za Hollywood, mwanamke wa umri huo anasubiri kuitwa acheze mama wa mtu.

Aprili 1991, kituo cha televisheni cha ITV kikarusha tamthilia ya kipolisi, Prime Suspect. Mwandishi Lynda La Plante alikuwa amemfuata afisa wa kweli wa polisi wa London, Jackie Malton, akajifunza kwake jinsi mwanamke anavyoishi kwenye kikosi cha wanaume. Akamuumba Jane Tennison. Mkuu wa upelelezi anakufa ghafla kwa moyo, Tennison anaidai kesi, wanaume wote chumbani wanamnunia. Kuna mmoja anamwita kwa cheo cha heshima cha kike, naye anamjibu kwamba aitwe bosi au gavana, yeye si malkia.

Nilichokipenda ni jinsi Mirren alivyokataa kumfanya Tennison apendeke. Anavuta sigara mfululizo. Anasahau mambo ya nyumbani, mwanamume wake anamwacha. Anakunywa. Katika misimu saba iliyoenda hadi 2006 tunamwona akizeeka kweli, na ulevi unamla. Mirren alichukua BAFTA ya televisheni, tuzo kubwa ya Uingereza, miaka mitatu mfululizo kwa kazi hiyo. Hebu fikiria mwigizaji anamfuata mhusika mmoja kutoka miaka 45 mpaka 61, na taifa zima linatazama!

Kisha mwaka uleule wa 2006 yule aliyesema yeye si malkia akatoka kama Elizabeth wa Pili kwenye The Queen. Oscar akaipokea Februari 2007. Mle ndani kuna kipande gari lake limeharibika kwenye mto huko Scotland, yuko peke yake, analia. Kamera iko nyuma yake. Hatuoni uso. Tunaona kitambaa cha kichwani, mabega, koti. Sisi huku tukiambiwa lia, tunageukia kamera ili machozi yaonekane. Yeye kalia kwa mgongo, na mimi nimelia naye.

Kwa hiyo mkuu, si bibi mmoja. Maggie Smith naye, aliyezaliwa mwezi mmoja na Dench, Desemba 1934: Oscar ya kwanza kwa The Prime of Miss Jean Brodie, ya pili kwa California Suite, na humo alicheza mwigizaji wa Kiingereza anayekwenda kwenye Oscar na kuikosa. Watoto wetu wanamjua kama Profesa McGonagall wa Harry Potter. Lakini aliwahi kueleza kwamba alitembea barabarani bila kusumbuliwa na mtu mpaka alipoingia tamthilia ya Downton Abbey mwaka 2010. Alikuwa na miaka 75. Televisheni ndiyo iliyomfikisha kila nyumba. Amefariki Septemba 2024, Mungu amrehemu.

#4 MamaZulekha_Leicester

Mdogo wangu BintiMakorora, hongera kwa uzi. Mimi niko huku Leicester mwaka wa kumi na saba, kazi yangu ni kutunza wazee. Umemsahau mtu mmoja na siwezi kulala bila kumtaja: Glenda Jackson.

Baba yake alikuwa mwashi huko Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Yeye mwenyewe alifanya kazi miaka miwili kwenye duka la dawa la Boots. Akapata ufadhili wa kusoma chuo cha maigizo cha RADA. Mwaka 1971 BBC ilirusha Elizabeth R, vipande sita virefu, na Glenda akanyoa nywele za mbele ya kichwa ili afanane na malkia kwenye picha za zamani. Hakutaka kuvaa upara wa bandia. Emmy mbili, tuzo za televisheni za Marekani, zikatoka kwenye kazi hiyo. Oscar alipata mbili, kwa Women in Love na A Touch of Class, na zote hakwenda kuzipokea. Alisimulia kwamba mama yake alizisugua kwa kuzing'arisha mpaka rangi ya dhahabu ikabanduka.

Halafu akaacha. Mwaka 1992 akagombea ubunge kwa chama cha Labour, akashinda, akakaa bungeni miaka 23. Ni miaka 23 bila jukwaa! Mwaka 2015 akastaafu siasa, na mwaka uliofuata, ana miaka 80, akapanda jukwaa la Old Vic akicheza King Lear. Mfalme, si malkia. Nilinunua tikiti ya juu kabisa, ya bei ya chini, nikapanda basi kwenda London na kurudi usiku uleule. Nilimwona mwili mdogo, suruali, miguu kama vijiti vya mhogo mkavu. Alipofungua mdomo, sauti ikanifikia kule juu kwenye dari kana kwamba nimekaa naye meza moja. Mwaka 2018 wakampa Tony, tuzo ya jukwaani, huko New York kwa mchezo mwingine.

Mwishoni mwa 2019 BBC ikaonyesha Elizabeth Is Missing. Anacheza mzee mwenye maradhi ya kusahau ambaye anamtafuta rafiki yake, na kila kitu anakiandika kwenye vikaratasi anavyovitia mfukoni. Mdogo wangu, vikaratasi vile mimi navitoa kwenye mifuko ya nguo kila ninapopeleka nguo za wazee kufuliwa. "Mwanangu anakuja Jumanne." "Nimekunywa dawa." Glenda alikuwa anavishika vile vile wanavyovishika, kwa vidole vyote, kama hirizi. BAFTA walimpa kwa haki. Alifariki Juni 2023, na filamu yake ya mwisho, The Great Escaper, aliyocheza na Michael Caine, ikatoka baada ya kifo chake.

Ila nina neno. Hiyo milango mitatu unayoisifu, ufunguo wake ulikuwa ruzuku ya masomo. Julie Walters ni mtoto wa Smethwick, alikuwa akisomea uuguzi Birmingham, akaacha akaenda Manchester kusomea maigizo kwa fedha za halmashauri. Bila fedha hizo tusingemwona kwenye filamu ya Educating Rita. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mtoto kama yeye leo asingefika. Fedha hizo hazipo tena, ada za vyuo ni kubwa, na ukitazama majina mapya utawaona wengi waliotoka shule za kulipia. Hili tusilifunike.

#5 fundi_mitambo

Shikamoo mama. Hivyo vikaratasi vimenigusa, marehemu bibi yangu alifunga hela na majina ya watoto wake kwenye kitambaa kimoja. Naunga mkono hoja ya ada.

#6 Nyamirambo_Kwetu

Habari zenu wote, naandika kutoka Kigali. Nimesoma yote kwa makini na ninaheshimu kazi iliyofanyika. Lakini dada, hesabu majina uliyotaja. Wote weupe. Sisi tulimjua mwigizaji wa Uingereza kupitia Sophie Okonedo, aliyecheza Tatiana kwenye Hotel Rwanda mwaka 2004. Filamu ile hapa kwetu ina mjadala mzito kuhusu nani aliokoa nani, na manusura wana maneno yao ambayo yanastahili kusikilizwa. Leo sizungumzii hilo. Nazungumzia mwanamke aliyezaliwa London na baba Mnaigeria na mama Myahudi, akakulia kwenye majumba ya halmashauri huko Wembley, akaja akabeba hofu ya mama wa Kitutsi kiasi kwamba shangazi yangu alitoka sebuleni kipande cha juu ya paa. Aliteuliwa kuwania Oscar. Hebu niambie, hiyo milango mitatu ilikuwa wazi kwake pia?

#7 BintiMakorora

Kaka, asante. Nililala na swali lako. Nakiri kwamba uzi wangu ulianza na nusu ya nyumba.

Nianze na aliyetangulia. Marianne Jean-Baptiste, mzaliwa wa London, wazazi wametoka visiwa vya Karibi, kasoma RADA. Mwaka 1996 alicheza Secrets & Lies ya Mike Leigh. Filamu hiyo ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Yeye ni Hortense, mpima macho mweusi aliyelelewa na wazazi waliomwasili, anamtafuta mama aliyemzaa. Mama anaitwa Cynthia, ni mweupe, anafanya kazi kwenye kiwanda cha maboksi. Brenda Blethyn ndiye Cynthia. Leigh hawapi waigizaji wake skripti, wanaijenga kwa mazoezi ya miezi, na kila mmoja anajua kile tu ambacho mhusika wake anakijua. Blethyn hakujua kwamba binti ni mweusi mpaka siku waliyokutanishwa kwenye mazoezi.

Kuna kipande cha mgahawani. Wamekaa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, mgahawa mtupu. Kamera imesimama, haikatwi, haisogei, kwa muda unaokaribia dakika nane. Nane tena, kama za Dench. Cynthia anakana. Anasema kwa upole kabisa kwamba wamekosea, hajawahi kuwa na mwanamume mweusi, angekumbuka. Kisha anakumbuka. Uso unageuka, analia akimpa binti kisogo. Watu wote humsifu Blethyn kwa kipande hicho, na anastahili. Mimi nawaomba mmtazame Marianne. Kazi yake pale ni kungoja. Mikono yake imetulia, shingo imenyooka, na anasikiliza mtu akikana kumzaa. Nimefundishwa kuigiza na walimu wanne, na hakuna aliyenifundisha kungoja namna ile.

Akawa mwigizaji wa kwanza wa kike mweusi wa Uingereza kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 1997 Cannes ikatimiza miaka hamsini. Wakubwa wa filamu wa Uingereza wakapeleka kundi la vijana wao wenye vipaji kwenda kusherehekea. Marianne hakualikwa. Alilisema waziwazi kwenye magazeti, na miaka michache baadaye alikuwa Marekani. Kuanzia 2002 akacheza afisa wa FBI kwenye Without a Trace, misimu saba. Mshahara wa kila wiki, jina kwenye kila kipindi. Televisheni ilimlea, ndiyo, lakini ya nchi nyingine.

Mwaka 2024 akarudi London kwa Mike Leigh yuleyule, Hard Truths. Anacheza Pansy, mama mwenye hasira na kila mtu: na wahudumu wa duka, na daktari wa meno, na mumewe, na mwanawe aliyenyamaza. Wahakiki wa New York na Los Angeles walimpa tuzo. Oscar hawakumteua hata kuwania. Miaka 28 kati ya kazi hizi mbili, na katikati nchi yake haikuwa na nafasi ya ukubwa wake. Kwa hiyo jibu langu kwako, kaka: hapana. Milango ilikuwepo, na yeye alibaki nje anaitazama.

Wengine nitawapitia haraka. Thandiwe Newton, ambaye mama yake ni Mshona wa Zimbabwe, herufi moja ya jina lake iliachwa kwenye filamu yake ya kwanza ya 1991 na ikabaki imeachwa miaka thelathini, mpaka 2021 alipoirudisha. Naomie Harris alicheza mama wa kwenye Moonlight, ujana mpaka uzee, kwa siku tatu tu za kurekodi. Sophie wako alikwenda Broadway, majumba ya maigizo ya New York, akachukua Tony mwaka 2014 kwa A Raisin in the Sun. Tazama hizo mbili za mwisho ziliko: Marekani, Marekani.

#8 Olympic_Estate

Kutoka Kibra, Nairobi, hamjambo. Niongeze moja tu. Rachel Weisz alipata Oscar mwaka 2006 kwa The Constant Gardener, na sehemu ya filamu ile ilirekodiwa mtaani kwetu na kule Loiyangalani, Ziwa Turkana. Nilikuwa darasa la sita. Mhusika wake, Tessa, anatembea na mimba kubwa kwenye vichochoro, watoto wanamfuata wakimsalimia. Mimba ile ilikuwa ya bandia. Alipokwenda kuchukua Oscar alikuwa na mimba ya kweli. Watayarishaji wakaunda mfuko wa kusaidia elimu na maji kwa sehemu walikorekodia. Nasema hili kwa sababu filamu nyingi huja hapa, hupiga picha za mabati yetu, na hatuwaoni tena.

#9 Mzee_wa_Ura

Watoto wangu, hamjambo. Mimi ni mstaafu, nilikuwa askari wa wanyamapori Hifadhi ya Meru miaka mingi. Kijana wa Kibra amenikumbusha mama mmoja ambaye hamjamtaja. Virginia McKenna.

Huyu alikuwa nyota kabla ya wengi mliowataja. Alikuwa ameshachukua BAFTA kwa A Town Like Alice ya mwaka 1956. Akaja Kenya na mumewe Bill Travers kurekodi Born Free, iliyotoka 1966. Yeye alikuwa Joy Adamson, mama aliyemlea simba yatima Elsa, na mumewe alikuwa George, mume wa Joy. George Adamson mwenyewe alikuwapo kuwafundisha kuishi na simba. Waliamua kutotumia wasaidizi wa kuwabadili, wakatembea na simba kwa miguu yao. Elsa wa kweli alikuwa ameshakufa tangu 1961, kaburi lake liko Meru, kando ya mto Ura, nimelifagia kwa mikono hii.

Kurekodi kulipokwisha, simba wengi wakapelekwa kwenye bustani za wanyama. Filamu inaitwa Zaliwa Huru, na walioicheza wakaingizwa kwenye vizimba. Watatu tu ndio George aliopewa akawaleta Meru kuwafundisha porini. Jambo lile halikumtoka mama yule moyoni.

Baadaye wakarudi kurekodi An Elephant Called Slowly. Tembo mdogo wa kike waliyecheza naye aliitwa Pole Pole. Alikuwa amekamatwa kuwa zawadi ya serikali yetu kwa bustani ya wanyama ya London. Wakaomba wamnunue, abaki Tsavo kwa mkuu wa hifadhi, David Sheldrick. Wakaambiwa inawezekana, lakini itabidi akamatwe mwingine badala yake. Wakakataa kumtoa mtoto wa tembo mwingine, na Pole Pole akapelekwa Ulaya.

Mwaka 1982 wakaenda kumwona. Wakamwita jina lake. Akaja ukutani, akanyoosha mkonga akawagusa mikono. Mwaka uliofuata Pole Pole akafa, wakati wa shughuli za kutaka kumhamisha. Mwaka 1984 McKenna, mumewe na mwana wao Will wakaanzisha Zoo Check, ambayo leo ni Born Free Foundation. Tangu hapo uigizaji ukawa wa pembeni. Mwaka 2023 alipewa cheo cha Dame akiwa na miaka 91, na hakupewa kwa ajili ya sinema.

Binti wa Makorora, wewe unazungumza milango mitatu. Huyu aliukuta wa nne huku kwetu, na ulikuwa na jina la Kiswahili.

#10 BintiMakorora

Shikamoo mzee wangu. Sina la kuongeza juu ya Pole Pole. Asante kwa kulifagia kaburi lile.

Nimalizie na wawili wa sasa, maana fundi ameniandikia pembeni akiuliza kama mambo yamebadilika.

Olivia Colman alifanya kazi ya usafi wa majumba kabla ya kupata nafasi, na alipoipokea Oscar mwaka 2019 kwa The Favourite aliitaja kazi hiyo palepale na kusema aliipenda. Alianzia kwenye vichekesho vya televisheni, Peep Show, akaja Broadchurch. Ninachotaka mkitazame ni The Night Manager ya 2016. Kwenye riwaya iliyozaa tamthilia hiyo, mkuu wa upelelezi ni mwanamume. Wakambadili akawa mwanamke, wakampa Colman, naye akawaambia ni mjamzito. Badala ya kumficha nyuma ya meza na mikoba, wakamwandika mjamzito. Jasusi mwenye tumbo, anayechoka akipanda ngazi, na bado anamwinda muuza silaha. Mimi mwaka 2014 nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Sitasema wapi, ila nafasi yangu ilipewa mtu mwingine kabla sijamaliza sentensi.

Na Michaela Coel, wazazi wake Waghana, mtoto wa London. Huyu hakungoja mlango. Aliandika mchezo wa mtu mmoja, akaucheza mwenyewe, ukawa tamthilia ya Chewing Gum mwaka 2015. Alipoandika I May Destroy You, Netflix waliweka mezani dola milioni moja. Akaomba abakiziwe sehemu ya hakimiliki, akashuka mpaka akaomba nusu ya asilimia moja. Walipokataa akaziacha dola milioni moja. BBC wakampa haki zake na uhuru wa kuandika. Aliiandika upya mara 191. Mwaka 2021 akachukua Emmy ya uandishi. Kaka Nyamirambo, huyu hakulazimika kuhama.

#11 Nyamirambo_Kwetu

Nimekubali, dada. Mmoja aliyebaki ni habari njema. Ila Marianne bado hajafidiwa.

#12 MamaZulekha_Leicester

Kweli kabisa, mwanangu. Na wewe BintiMakorora, hujatuambia. Ile nafasi ya mama wa kijana, umejibu nini?

#13 BintiMakorora

Dada yangu, nimeikubali. Niliisoma skripti jana usiku, vipindi vinne vya mwanzo. Mama yule yuko kwenye vipande kumi na moja. Anapika, anafungua mlango, anapokea habari mbaya, anampokea mkwe. Kumi na moja ni vingi kuliko alivyokuwa navyo yule malkia wa dimbwi.

Kuna kimoja mwanawe anamkana mbele ya wakwe, anasema huyu ni jirani tu. Imeandikwa: "Mama analia." Nimemwomba mwongozaji aniruhusu nisilie, nisimame tu na sinia la chai mkononi mpaka watu wamalize kusalimiana. Kasema tutajaribu namna zote mbili.

Na kwenye skripti nzima mama huyo hana jina, ameandikwa "Mama Hemedi". Leo asubuhi nimempigia mwandishi, kijana mwenye adabu sana, nikamuuliza huyu mama aliitwaje kabla Hemedi hajazaliwa. Akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kulifikiria, atanijibu. Saa saba mchana kaleta ujumbe: Mwanaidi.

Usomaji wa kwanza ni Jumatatu saa tatu asubuhi.